Siku ya Tisini na Moja

Jumamosi, saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Maji yalikuwa yanakupwa, mwamba umeanza kuonyesha mgongo, na katikati ya vijiti vinne vyenye vitambaa vyekundu alisimama mwanamume aliyevaa shati la maua.

Mkono wa kulia alishika simu.

Mkono wa kushoto alishika pweza.

Alikuwa anajipiga picha.

Mwanamume huyo ni Bryson, mchumba wa mdogo wangu Loveness. Hajui kuogelea na hajui pweza anashikwaje. Pweza alikuwa amemzunguka mkono hadi kwenye kiwiko, na yeye anatabasamu kama mtu aliyekabidhiwa kombe.

Nyuma yangu mwanamke mmoja alipaza sauti. "Yarabi! Nani huyo kaingia mwambani?"

Mwingine akamjibu, "Mgeni wa Mastura."

Wakageuka wote. Hawakumtazama Bryson. Waliitazama nyumba ya Mastura, mwenyeji wetu.

Hilo nililiona, na sikulielewa.

Nirudi nyuma siku moja.

Naitwa Anastazia. Naishi Nguvumali, Tanga mjini, na kazi yangu ni kupima maji maabara. Naletewa chupa, nahesabu bakteria, naandika namba. Sijawahi kuandika kwamba maji "yanaonekana safi". Nalisema hili mapema ili ujue anayekusimulia ni mtu wa namna gani.

Bryson ni mtu wa namna nyingine.

Anauza makava ya simu Kariakoo, kwenye meza isiyozidi upana wa mlango. Ukimuuliza kazi yake atakwambia yuko kwenye teknolojia.

Mdogo wangu alimpenda. Barua ya posa ilikuwa imeshafika kwa wazazi wetu Muheza na ilikuwa imeshajibiwa. Mimi nilikuwa nimeshasema maoni yangu, na nilikuwa nimeshaambiwa ninyamaze.

Basi wikiendi ya Maulidi ilipokaribia akapiga simu.

"Shem, jiandae. Safari hii tunakula bata. Kigombe, ufukweni, hoteli ya wazungu."

"Kwa bajeti ipi?"

"Shem, wewe unapenda sana maswali ya polisi."

Nilitafuta bei ya hoteli hiyo. Usiku mmoja, chumba kimoja, ulikuwa sawa na kodi yangu ya miezi mitatu. Kwa hiyo nilijua kwamba hatutalala hotelini. Nilichotaka kujua ni jinsi atakavyofanya.

Mpango wake ulikuwa huu. Tulale kijijini kwa mwanamke anayepangisha chumba. Mchana twende hotelini, kila mtu anunue soda moja, tukae nayo mpaka jua lizame, tupige picha.

"Picha haina risiti, shem," aliniambia.

Kwenye begi lake kulikuwa na mikate miwili, mayai ya kuchemsha kumi na mawili na mashati matatu ya maua. Sisi tulikuwa tunakaa siku mbili. Nikamuuliza shati la tatu la nini.

"Nikibadilisha mashati, watu wataona nimekaa wiki."

Loveness alicheka. Mimi nilihesabu mayai.

Mwenyeji wetu aliitwa Bi Mastura. Mjane, miaka hamsini na kitu, mikono ina makovu madogo madogo ya mwamba. Kazi yake ni pweza. Maji yakikupwa anashuka na nondo iliyochongwa ncha, anachokoa mashimo, anarudi na ndoo.

"Shikamoo, Bi Mastura."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, piteni. Nyumba ndogo lakini haina kunguni, hilo naapa."

Kabla hata hatujaweka mabegi alitupeleka kwa mwanamke wa nyumba ya pili, anaitwa Sabiha, ambaye hutunza daftari la kamati ya mwamba. Majina yetu yakaandikwa. Mbele ya majina yetu Bi Mastura akaweka dole gumba.

"Hii ya nini?" nikauliza.

"Ukiingiza mgeni hapa, mguu wake ni mguu wako," Sabiha akajibu, akafunga daftari.

Niliona ni urasimu wa kijijini. Nimeona mwingi. Sikuuliza zaidi.

Njiani kurudi Bi Mastura alikuwa na furaha isiyojificha. Mwamba ulikuwa umefungwa tangu Juni ili pweza wakue, na ulikuwa karibu kufunguliwa. Siku ya kwanza ya ufunguzi, alisema, mtu anaweza kupata kwa asubuhi moja pweza ambao kawaida huwapata kwa miezi miwili. Alituonyesha paa lake. Makuti yalikuwa yameoza, mchana unaona mbingu.

"Mvua za vuli hazinikuti na makuti haya. Siku ya mwamba nashuka, napandisha bati. Miezi mitatu nimekula mihogo na mchicha kwa ajili ya asubuhi moja."

"Inshallah," Bryson akasema, ingawa ni Mlutheri.

Mchana tukaenda hotelini.

Mlinzi wa getini alitutazama kuanzia viatu. Bryson akamwambia tumekuja kukutana na meneja. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua jina la meneja. Mlinzi akauliza jina. Bryson akasema, "Yule mrefu."

Tukaingilia ufukweni, kama watu wengine wote.

Niwe mkweli kuhusu hoteli ile, maana dharau yangu haikuwa kwa Bryson peke yake. Vyumba vyake vimeezekwa makuti. Ukuta ni wa mawe na chokaa. Kitanda cha kamba kiko nje kwa ajili ya kupumzika. Bibi yangu alizaliwa kwenye nyumba kama ile, na akafanya kazi miaka arobaini ili atoke ndani yake. Sasa watu wanavuka bahari kulipia kulala humo, na maji ya kunawa miguu wanaletewa kwenye kata ya kifuu, na wanasema asante.

Mhudumu alituletea orodha ya vyakula. Soda moja ilikuwa na bei ya soda sita. Pweza wa nazi: elfu arobaini na tano.

"Pweza huyu amesoma chuo?" Bryson akauliza.

Mhudumu hakucheka. Nadhani alishaulizwa.

"Anatoka mbali, kaka. Mwamba wa hapa umefungwa."

Bryson aliagiza soda tatu. Kisha akaanza kazi. Picha kando ya bwawa. Picha kwenye kitanda cha jua, ambacho alikikalia sekunde nne kabla mwenyewe hajarudi kutoka chooni. Picha akiwa ameshika glasi ya mgeni mwingine, yenye kipande cha nanasi pembeni, iliyokuwa imeachwa mezani. Alibadilisha shati nyuma ya mti wa mkadi, akarudi, akaanza upya.

Mzungu mmoja mzee aliweka kitabu chini akamtazama tu. Nilimwelewa.

Saa tisa Bryson alitoa yai mfukoni.

"Bryson," Loveness akanong'ona. "Usifanye hivyo."

"Mke wangu, njaa haijui hoteli."

Alilimenya chini ya meza. Harufu ya yai la tangu asubuhi haikai chini ya meza. Mhudumu akarudi, safari hii na mwenzake.

"Samahani, vyakula vya nje haviruhusiwi."

"Hiki si chakula. Ni yai."

Tulitolewa. Kwa adabu, lakini tulitolewa. Walinzi wawili walitusindikiza ufukweni mpaka mahali ambapo viti vya hoteli vinaishia. Hapo kuna ubao wa mbao, na kwa kuwa sikutaka kuangalia uso wa mtu yeyote, niliusoma ubao.

MWAMBA UMEFUNGWA KWA SIKU TISINI KUANZIA TAREHE 8 JUNI. HAIRUHUSIWI KUVUA PWEZA.

Nikahesabu. Ni tabia. Juni siku ishirini na tatu, Julai thelathini na moja, Agosti thelathini na moja. Themanini na tano. Septemba tano.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, tarehe tano.

Jioni tulikaa ukumbini kwa Bi Mastura, chai ya rangi na mkate. Bi Mastura alikuwa jikoni. Loveness alikuwa amekwenda kuoga. Bryson hakuwa na haya hata kidogo. Alikuwa na uchungu wa pweza.

"Elfu arobaini na tano, shem! Na bahari hii hapa. Kwani pweza si wapo hapo mbele?"

"Wapo. Mwamba ulifungwa."

"Mpaka lini?"

"Siku tisini kuanzia tarehe nane Juni. Ya tisini ni leo. Kesho hakuna katazo."

"Una hakika?"

"Bryson. Mimi nahesabu bakteria. Siku tisini hazinishindi."

Akanyanyua kikombe, akanitazama kwa heshima ya kweli. Nasema hivyo kwa sababu niliiona, na wakati ule ilinichekesha.

"Ndiyo faida ya kuwa na shemeji msomi," akasema.

Hayo ndiyo maneno yote. Sikumtuma. Sikumkataza.

Asubuhi aliamka kabla yetu, akachukua nondo ya Bi Mastura iliyokuwa imeegemezwa mlangoni, akavaa shati la tatu, akashuka.

Miezi mitatu bila kuguswa, pweza walikuwa wamejaa kiasi kwamba hata Bryson alipata mmoja.

Sasa tumefika pale tulipoanzia.

Sabiha ndiye aliyeingia majini kumtoa. Hakupiga kelele. Alimshika mkono usio na pweza, akamwongoza mpaka mchangani kama anavyoongozwa mtu mgonjwa. Nondo akaichukua, akaigeuza, akaona kitambaa cha kijani kilichofungwa kwenye mpini.

"Na nondo ya Mastura pia," akasema.

Bi Mastura alikuwa ameshafika. Alisimama na ndoo tupu mkononi. Sijui kwa nini alikuja na ndoo.

"Mama, samahani," Bryson akasema. "Nilidhani umefunguliwa. Mbona watu mnakasirika? Ni mmoja tu."

Bi Mastura alimwambia Sabiha, "Mpimeni pweza. Iandikwe."

Kilo mbili na robo.

Kamati ilikaa baada ya sala ya alasiri, nje ya karakana ya baiskeli ya mwenyekiti. Mwenyekiti ni Mzee Tahiri, mtu mwembamba mwenye grisi kwenye kucha. Wajumbe saba. Sisi tulikaa kwenye mkeka, Bi Mastura mbele yetu, hajageuka nyuma hata mara moja.

Utaratibu wao ni mfupi. Mgeni akivunja mwamba, mgeni hafanywi kitu, kwa kuwa mgeni ataondoka. Anayejibu ni mwenyeji. Mwenyeji hashuki siku ya ufunguzi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini walitazama nyumba.

Nilipoelewa hilo nilielewa yote: miezi mitatu ya mihogo, bati, mvua za vuli. Bryson naye alielewa.

"Kijana," Mzee Tahiri akasema, "uliona vitambaa vyekundu?"

"Niliviona, mzee wangu."

"Ukadhani ni sherehe?"

Watu wakacheka. Bryson hakucheka.

"Sasa nijibu hili, na jibu lako lina uzito. Kama kuna mtu alikwambia mwamba uko wazi, basi kosa ni la aliyesema. Kama mwenyeji wako ndiye aliyekwambia, tutajua. Kama ni mtu mwingine, tutajua, na Mastura atashuka na wenzake. Nani alikwambia?"

Swali lilikuwa safi. Sijawahi kusikia swali lililo safi zaidi, na nimehudhuria vikao vya watu wenye shahada.

Bryson alikaa kimya muda wa kutosha mtu kuhesabu mpaka kumi. Najua kwa kuwa nilihesabu.

"Hakuna, mzee. Tamaa yangu tu."

Hakunitazama. Hata macho hayakutikisika kuja upande wangu.

Na mimi, mtu ninayesahihisha desimali kwenye ripoti za wengine, nilikaa kwenye mkeka ule na jibu sahihi mdomoni, nikalimeza. Nilijiambia sikuulizwa mimi. Nilijiambia aliyeshika pweza si mimi. Nilijiambia hesabu yangu ilikuwa sahihi, na mtu mwenye hesabu sahihi hana kosa.

Uamuzi ukatoka. Mastura hashuki.

Bi Mastura akasema, "Nimesikia," akanyanyuka, akakung'uta khanga, akaenda kupika chakula cha wageni wake.

Usiku ule Loveness alivua pete ya uchumba. Aliiweka juu ya begi la Bryson, kisha akaja kulala pembeni yangu, analia.

"Dada, ulisema kweli tangu mwanzo. Yule ni mtu wa hovyo."

Nilinyamaza. Kwa mara ya pili siku hiyohiyo.

Jumapili asubuhi Bryson alifunga mabegi. Nilimsindikiza mpaka barabarani, kwa sababu nilikuwa na swali na sikuweza kukaa nalo.

"Kwa nini hukunitaja?"

Alikuwa amevaa fulana ya kawaida. Bila shati la maua alionekana mdogo.

"Shem, wewe unaishi kwa jina lako. Likichafuka huna jingine. Mimi nishazoea kuchekwa, yule mlinzi wa juzi mwenyewe kanicheka, na nimelala usingizi."

"Lakini Bi Mastura angeshuka."

Hilo hakuwa amelifikiri. Nilimwona analifikiri pale pale, kwenye vumbi, uso unabadilika rangi.

"Mungu wangu," akasema. "Mimi nilikuwa nakulinda wewe tu."

Bodaboda ikaja. Akapanda, akashuka tena, akasema, "Nirudi nikaseme?"

"Panda," nikamwambia. "Nitasema mimi."

Akaondoka. Nakiri kwamba nilipokuwa narudi nilikuwa bado napima. Ningeweza kuchukua begi langu, nikapanda gari, na Jumatatu saa mbili nikawa maabara. Hakuna ambaye angejua.

Bi Mastura alikuwa anapepeta mchele mlangoni.

"Kaondoka mgeni wangu?"

"Kaondoka."

"Hajanywa chai." Akaendelea kupepeta. "Na wewe waondoka?"

"Bi Mastura, kuna jambo."

"Kati ya jiko na ukumbi wangu, mwanangu, pana ukuta wa udongo tu, tena una ufa." Akatoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa. "Nilikusikia Ijumaa. Bakteria sijui nini."

Nilisimama.

"Ulinisikia? Sasa mbona jana hukusema?"

"Niseme nini?"

"Kwamba ni mimi! Ungeshuka kesho!"

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeuliza kwa nini hatuingii msikitini na viatu.

"Wewe nawe ni mgeni wangu. Nimtoe mgeni huyu nimweke huyu? Dole gumba niliweka mbele ya majina matatu."

"Na Ijumaa usiku, uliponisikia, kwa nini hukuniambia nimekosea?"

Hapo aliacha kupepeta.

"Nilidhani mwasema tu. Nani anashuka mwambani kabla vitambaa havijatolewa? Mtoto wa chuo cha Kurani anajua hilo. Sikujua kama msomi hajui."

Hakusema kwa ukali. Ningependelea ukali.

Nilimwita Loveness, nikamwambia avae viatu. Tukaenda kwa Mzee Tahiri. Alikuwa amepiga magoti mbele ya gurudumu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Jana uliuliza nani alimwambia kijana mwamba uko wazi. Ni mimi. Ijumaa jioni, ukumbini. Nilisoma ubao, nikahesabu siku tisini, zikaishia Ijumaa. Nikamwambia Jumamosi hakuna katazo."

Loveness aligeuka taratibu. "Dada. Toka Ijumaa?"

"Toka Ijumaa."

"Na jana usiku nilipokuwa nalia?"

Jibu lilikuwa linajulikana.

Mzee Tahiri alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Hesabu yako ni sahihi," akasema. "Ile tisini waliandika watu wa mradi wa kuhifadhi mwamba. Ni kiwango cha chini. Mwamba hufunguliwa na bamvua, maji yakikupwa sana, watu wote wakiwepo, dua ikisomwa, vitambaa vikitolewa. Bamvua hii ni kesho. Ubao hatukuusahihisha kwa kuwa hapa hakuna anayeusoma. Anayetaka kujua anauliza."

"Basi kosa ni langu. Mlisema kosa likiwa la aliyesema, Mastura atashuka."

"Tulisema."

"Basi ashuke."

"Jana alasiri nilikuwa na wajumbe saba, binti yangu. Nikauliza, nikangoja. Nilingoja makusudi, maana nilikuona unavyokaa." Akarudi kwenye gurudumu lake. "Leo wawili wako Pangani msibani, mmoja yuko Tanga. Uamuzi wa saba hauvunjwi na mmoja mwenye spana mkononi."

"Wapigie simu."

Alinitazama. Kisha akapiga. Simu tatu, mbele yangu, sauti nje. Wa kwanza alisema sawa. Wa pili alisema wageni hao wana maneno mengi, leo hili kesho lile, uamuzi ubaki. Wa tatu hakupatikana.

Mzee Tahiri akazungukia nyumba za waliobaki kijijini. Nilimfuata mlango kwa mlango, nikasema maneno yaleyale mbele ya kila mmoja. Mwanamke mmoja wa kamati aliniuliza kama nina shahada. Nikasema ninayo. Akasema, "Haya," akarudi ndani.

Saa kumi na mbili jioni kura zilikuwa tatu kwa tatu, na mmoja hapatikani.

Uamuzi ukabaki.

Loveness hakusubiri kura. Mchana uleule alipanda bodaboda kwenda Muheza kwa wazazi wetu, aanzie huko kumtafuta Bryson, maana simu yake ilikuwa imezimwa. Alimkuta huko. Bryson alikuwa amekaa sebuleni kwa baba yetu, viatu amevua, anaeleza mwenyewe kwamba uchumba umevunjika na kwamba aliyeuvunja ni yeye kwa ujinga wake. Jina langu hakuwa amelitaja. Loveness akalitaja.

Wanaosoma visa hivi hutaka funzo mwishoni. Nitaliweka hapa, kwa kuwa kilichobaki ni mambo yaliyotokea tu. Miaka kumi na moja ya kazi nimeamini kwamba mtu mwenye namba sahihi hana haja ya kuuliza. Na nilimdharau mtu aliyekula yai chini ya meza, huku mimi nikila chakula cha mwanamke niliyemnyang'anya paa. Ukiwa mgeni mahali, uliza. Ukiulizwa, jibu siku hiyo hiyo. Ukweli uliochelewa kwa siku moja unahitaji kura nne, na mimi nilipata tatu.

Sikwenda kazini Jumatatu. Nilimwandikia bosi kwamba siumwi, nina jambo la kumalizia.

Saa tatu na dakika arobaini maji yalikuwa yamekupwa kuliko nilivyowahi kuyaona. Dua ikasomwa. Mzee Tahiri akang'oa kitambaa cha kwanza, Sabiha cha pili, vijana wakang'oa viwili vilivyobaki. Wanawake wakashuka na ndoo na nondo, wakicheka, wakisukumana.

Niliwahesabu. Arobaini na mmoja.

Bi Mastura alikaa mchangani. Mimi nilikaa pembeni yake. Wakati mmoja aliinuka nusu, akanyoosha mkono kuelekea shimo fulani mbali, akasema, "Pale! Pale yupo, mpumbavu huyo hamwoni," kisha akakaa.

Saa tano na nusu maji yalianza kurudi, na wanawake nao. Kuna desturi hapo, ambayo safari hii niliuliza: aliyeshuka anaweza kumpa asiyeshuka kitoweo. Anaweza. Halazimishwi.

Wanawake kumi walipita, kila mmoja akadondosha pweza mmoja kwenye ndoo ya Bi Mastura. Sabiha alikuwa wa kwanza. Yule aliyeniuliza shahada alikuwa wa tisa.

Thelathini na mmoja walipita bila kudondosha.

Saa sita na dakika tano mnunuzi alitundika mzani. Ndoo za Sabiha zilikuwa na kilo hamsini na mbili. Ndoo ya Bi Mastura ilikuwa na kilo kumi na nne na nusu, zisizotosha bati la paa.